Mama Mboga Bado Ananidai Kura Yake

Kila jioni nikienda kununua sukuma, mathe wa mboga aliye kwenye kona ya steji yetu hunikatia, hunifungia, halafu kabla hajanipa chenji ananiuliza swali moja: "Na kura yangu?"

Hasemi kwa hasira. Anauliza vile mtu huulizia bakuli lake uliloazima. Imefika karibu miaka minne sasa. Niliwahi kuhamia kibanda kingine, nikarudi baada ya wiki mbili, kwanza kwa sababu kule dania si ya bure, na pili kwa sababu kumhepa mtu anayekudai mtaani ni kazi kubwa kuliko kumlipa.

Leo nataka niwapigie stori ya hilo deni. 2027 inanukia, na inboksi yangu imejaa wasee wa rika langu wanaosema safari hii hawataki kupiga kelele mtandaoni peke yake, wanataka kushuka mashinani. Wengi wananiuliza kitu kimoja: yule mtu ambaye hajaamua, unamvuta aje? Mimi nilishawahi kuwavuta. Nitawaambia tulivyofanya, na nitawaambia pia kile ambacho hakuna aliyeniambia kabla nianze.

Mwaka wa 2022 nilikuwa na miaka 20. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza kampasi, nikakosa karo ya mwaka wa pili, nikarudi kwa keja ya masa nikakaa. Jirani yetu, ploti ya tatu kutoka kwetu, akaamua kuwania kiti cha MCA kama mgombea huru. Hakuwa na chama, hakuwa na helikopta. Alikuwa na pikapu ya kukodi na spika mbili. Nilijiunga kwa sababu ya fulana. Usinicheke. Ilikuwa fulana nzuri ya pamba, na saa saba mchana kulikuwa na chapati na maharagwe.

Kampeni rasmi zilifunguliwa mwishoni mwa Mei, na mwezi mzima wa kwanza tulifanya ujinga. Pikapu inaingia mtaani, ngoma zinapigwa mpaka madirisha yanatetemeka, watoto wanakimbia nyuma, wasee wanashuka kwa lami wanacheza, sisi tunarusha vikaratasi vyenye uso wa mgombea. Jioni tunatupia picha kwenye kundi la WhatsApp na kuandikiana "tumewamaliza". Tuliamini kabisa. Ukiwa juu ya pikapu, mtaa wote unaonekana ni wako.

Kwenye timu kulikuwa na mama mmoja, mweka hazina wa chama cha akina mama, mtu wa miaka hamsini hivi. Sisi vijana tulimwita Shosh ingawa wajukuu hakuwa nao. Alikaa kimya wiki nne. Siku moja akasimama kwenye mkutano wa jioni akauliza: "Wale waliokuwa wanacheza leo, wangapi wamejiandikisha kupiga kura hapa?"

Hakuna aliyejibu.

"Nimeuliza kumi," akasema. "Wanne hawana kura kabisa. Watatu kura zao ziko nyumbani, mashambani. Mmoja ana miaka kumi na sita. Mmoja anaishi wadi nyingine, alikuwa anapita."

Kama unaishi Nairobi unajua alichokuwa anasema. Nusu ya ploti zetu watu wako hapa kwa kazi tu. Kura iko Kakamega, iko Machakos, iko Nyamira. Agosti ikifika wanapanda basi. Unaweza kujaza uwanja mzima na watu ambao hawawezi kukupigia kura hata wakikupenda kama mtoto wao.

Kesho yake Shosh akaja na madaftari ya shule, yale ya kurasa 96, na kalamu za Bic. Kila mmoja wetu akapewa ploti zake. Mimi nilipewa yetu, nne zilizo upande wa steji, na vibanda vilivyo mbele yake. Nikihesabu vibanda kama milango, ilikuwa milango 63. Maagizo yalikuwa mafupi. Uliza kama mtu amejiandikisha wadi hii. Kama hapana, mshukuru uende. Kama ndiyo, uliza kama ameamua. Andika: wetu, wa wengine, hajui. Usibishane na mtu yeyote. Kwa wetu usirudi mpaka wiki ya mwisho. Kwa wa wengine usirudi kabisa. "Kazi yenu," akasema, "ni hawa hajui. Na ukienda, funga mdomo kidogo."

Nilipomaliza mzunguko wa kwanza, wenye "hajui" kwenye daftari langu walikuwa 22.

Hapa ndipo watu wengi wanaonitumia ujumbe wanakosea, na mimi pia nilikosea. Ukisikia mpiga kura ambaye hajaamua, unafikiria mtu aliyekaa katikati ya sahani mbili, pilau huku, chapati huku, anasubiri umweleze utamu wa sahani yako. Kati ya wale wangu 22, wa aina hiyo walikuwa wanne, sanasana watano. Wengine wote walikuwa wanapima kati ya kwenda na kukaa. "Bado sijajua" ilikuwa ni adabu tu, ili usimwone mbaya; maana yake ilikuwa "sioni sababu ya kutoka kitandani".

Na kila mmoja alikuwa na yake. Kulikuwa na soja wa geti la ghorofa moja, anayetoka zamu saa kumi na mbili asubuhi akiwa mzigo. Alikuwa anahofia foleni ndefu. Kulikuwa na dada aliyejifungua wiki tatu tu kabla, akaniuliza atasimamaje kwenye laini na mtoto. Nikamwambia wenye watoto wachanga hupitishwa mbele. Hakuwa anajua. Huyo hakuhitaji manifesto yoyote. Alihitaji hiyo sentensi moja, na hakuna pikapu ingemwambia. Kulikuwa na fundi wa viatu aliyesema ataamua akiwa kwa foleni, akiona nani ana watu wengi. Huyo sikuwahi kumwelewa mpaka leo.

Na kulikuwa na mathe wa mboga.

Mara ya kwanza nilimkuta akikata sukuma, kisu kinaenda tu, hata macho hakuinua. Nikajitambulisha, nikatoa kikaratasi, nikaanza. Nilimwaga sera dakika kumi. Taa za barabarani, basari, ajira kwa vijana, uwazi. Wateja watatu walikuja wakaenda nikiendelea kuongea. Nilipomaliza akauliza, "Unataka ya ngapi?" Nikasema sitaki mboga. Akasema, "Basi umesimama mahali pa wateja."

Nikaandika kwenye daftari: hajui. Pembeni nikaandika: mkali.

Shosh aliposoma akacheka. Akaniambia nirudi baada ya siku tatu, ninunue mboga, niulize swali moja tu kisha nisikilize. Nikarudi. Nikanunua ya thelathini. Nikamuuliza, "Mathe, 2017 ulipiga kura?"

Kisu kikasimama.

Alipiga. Aliamka saa tisa usiku, akawa kwenye foleni kabla ya alfajiri, akatoka karibu saa sita mchana. Siku hiyo hakwenda Marikiti, hakufungua kibanda. Mtu aliyempigia alishinda. Tangu siku hiyo hakumwona tena kwa macho yake isipokuwa kwenye bango. Na nyuma ya kibanda chake, mtaro wa majitaka ambao yule mtu alisimama juu yake akiahidi kuurekebisha, ulikuwa bado unafurika kila mvua ikinyesha. Akanionyesha. Nilikuwa nimepita hapo maisha yangu yote na kuziba pua bila kufikiria kwamba kuna mtu anauza chakula hapo kutoka asubuhi mpaka usiku. "Kura yangu ina bei," akasema. "Bei yake ni mauzo ya siku moja. Nishailipa mara moja, sikupata kitu. Sasa wewe niambie kwa nini nilipe tena."

Sikuwa na jibu, nikasema hivyo. Nikaenda kwa mgombea jioni ile nikamuuliza kuhusu mtaro. Kwa hili nampa sifa: hakunidanganya. Akasema pesa za majitaka haziko mkononi mwa MCA. Anachoweza ni kuuliza swali kwenye bunge la kaunti, kusukuma bajeti ya wadi iguse hapo, na kufuatilia ofisi zinazohusika. Lakini kusema ataujenga, hapana. Akaongeza ahadi moja ndogo: kila miezi mitatu, Jumamosi, atakuja kukaa steji pale masaa mawili, bila walinzi, watu wamuulize maswali.

Mara ya tatu nikamwambia mathe hivyo hivyo. Kwamba mtaro hawezi kuuahidi, na kwa nini. Kwamba atakuja kila miezi mitatu. Nilidhani nimeharibu, maana wengine wote walikuwa wanaahidi mpaka daraja la angani. Akanyamaza. Kisha akaniuliza mambo ambayo hayakuhusu mgombea hata kidogo. Unaishi wapi? Wewe ni wa nani? Masa wako ni yule anayeshona sare za shule? Utakuwa hapa mwaka ujao?

Nikajibu yote. Akasema, "Basi nitakujua."

Nilitoka pale nikirukaruka. Nikafuta "hajui", nikaandika "wetu". Ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba sikuwa nimeandika ukweli. Huyo mathe hakuwa amemchagua mgombea. Alikuwa amenichagua mimi, kama mdhamini. Vile mtu akienda kukopa kwa chama anaambiwa alete mtu anayejulikana, ndivyo ile kampeni ilinileta mimi kwake.

Baadaye nilirudi kampasi na nikaanza kusoma hivi vitu, nikakuta wasomi wameshavipima. Mwaka wa 1998, Wamarekani wawili, Alan Gerber na Donald Green, walifanya jaribio katika mji wa New Haven. Watu wengine walitumiwa barua, wengine walipigiwa simu, wengine walibishiwa mlango na mtu aliye hai. Waliobishiwa mlango ndio waliojitokeza zaidi kupiga kura. Sawa. Lakini mwaka wa 2018 wasomi wengine wawili, Joshua Kalla na David Broockman, walikusanya majaribio 49 ya kampeni za huko na kupata jambo ambalo watu wa kampeni hawalipendi: uchaguzi mkuu ukikaribia, kumtoa mtu kwa mgombea wake na kumleta kwako, kwa tangazo au kwa mlango, ni karibu sifuri. Nilipolisoma nilikumbuka daftari langu. Wale wa "wa wengine" hatukuwahi kumhamisha hata mmoja. Shosh alijua hilo bila jaribio lolote, ndiyo maana alitukataza kurudi kwao.

Na msiseme hiyo ni Marekani tu. Chukua hesabu zetu wenyewe za Agosti 2022. Matokeo ya urais yaliyotangazwa na IEBC: Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930. Tofauti ni kura 233,211. Vituo vya kupigia kura vilikuwa zaidi ya 46,000. Gawanya. Ni kama kura tano kwa kila kituo. Tano! Hao ni watu wanaojaa kwa tuktuk moja ikiwa dereva hana aibu. Sasa weka hiyo kando ya hii: waliojiandikisha walikuwa milioni 22.1, na waliojitokeza hawakufika asilimia 65. Yaani zaidi ya watu milioni saba na nusu walikuwa na kadi, majina yako kwenye daftari, na siku ile walibaki nyumbani. Hiyo ni zaidi ya mara thelathini ya tofauti iliyoamua urais. Haijalishi ulikuwa upande gani. Hao ndio mathe wa mboga, soja wa geti, dada mwenye mtoto. Hapa Nairobi hali ilikuwa mbaya zaidi ya wastani wa nchi, na bado sisi kila siku tunabishana mtandaoni na watu ambao walishaamua tangu wakiwa tumboni.

Najua wengi wenu mlipenda video za Zohran Mamdani, yule aliyezaliwa Kampala na kushinda umeya wa New York mwaka wa 2025. Mnanitumia mkisema, "Ona, mtandao ulimshindisha." Mimi naomba muangalie ile ya Novemba 2024, Trump akiwa amemaliza tu kushinda. Jamaa anasimama barabarani Bronx na Queens na maikrofoni, anawauliza watu kwa nini wamempigia Trump au kwa nini hawakupiga kabisa. Hawakemei. Anashikilia maikrofoni tu, wao wanaongea: kodi, nauli, bei ya chakula. Ni kisu cha mathe kikisimama, kwa Kiingereza. Na nyuma ya hizo video kulikuwa na makumi ya maelfu ya watu wa kujitolea wakipanda ngazi za ghorofa. Hiyo sehemu haina muziki kwa hivyo haipati laiki.

Turudi mtaani. Wiki ya mwisho, wapinzani wetu walianza kumwaga mia mbili mbili usiku, kwa unga na kwa noti. Kuhonga mpiga kura ni kosa, Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inasema hivyo wazi, lakini sheria hailali kwa ploti zetu. Vijana wetu wakaanza kupaniki. Wengine wakasema tukope pia tumwage. Shosh akakataa, na si kwa sababu ya utakatifu. Alisema mtu ukimpa mia mbili, mwenye mia tatu anamchukua kesho, na wewe umeshapoteza mia mbili.

Tulichofanya ni kurudi kwa kila mlango wa "wetu" na wa "hajui" tukiwa na swali tofauti. Hatukuuliza tena "utatupigia?" Tuliuliza "utaenda saa ngapi?" na "utaenda na nani?" Mtu akisema saa kumi na moja asubuhi, unamwambia sawa, nitakupitia. Mtu aliyekuambia saa, na anajua utabisha, anaamka. Soja nilikubaliana naye kwamba akitoka zamu asipande nyumbani, nitakuwa nimemshikia chai kwa kibanda cha mandazi karibu na kituo, na tutapanga laini pamoja. Fundi wa viatu alienda na kijana aliyeishi chumba cha pili.

Mathe akasema shida yake ni ile ile: biashara. Basi dada yangu mdogo, aliyekuwa darasa la nane, hana kura, akakaa kwa kibanda tangu alfajiri. Aliuza kila kitu kwa bei isiyofaa na akakata sukuma nene kama kamba. Mathe alirudi saa nne na wino kidoleni, akaangalia ile mboga, akatikisa kichwa, akahesabu pesa. Hakupoteza siku. Dada yangu aliondoka na nyanya mbili.

Tulishinda kwa chini ya kura mia mbili kwenye wadi nzima. Tulilia. Tulibeba jirani yetu mabegani mpaka steji.

Sasa kile ambacho hakuna aliyeniambia.

Mheshimiwa alikuja steji Novemba. Alikuja na gari mbili na vijana wa kumlinda ambao hawakuwa wa mtaa, akakaa dakika ishirini, akapigwa picha, akaenda. Miezi mitatu ikafika tena, hakuja. Ikafika sita. Namba yake ikawa mteja hapatikani. Akahama mtaa, eti usalama. Swali kuhusu mtaro sijawahi kusikia kwamba aliliuliza. Mvua za Aprili 2024, zile zilizofanya Nairobi iwe ziwa, majitaka yaliingia mpaka chini ya meza ya mathe.

Na hapa niseme ukweli wote, maana mkiusikia kwa mtu mwingine mtaniita mwongo. Mimi nilipata basari. Mwaka wa 2023, ofisi ya wadi ilitoa orodha na jina langu lilikuwa humo. Ndiyo iliyonirudisha kampasi. Sikuomba kwa mlango wa nyuma, nilijaza fomu kama wengine, lakini pia sikujiuliza kwa nini wasee wanne waliokuwa kwenye pikapu walikuwa wote kwenye ile orodha. Kwa hivyo mathe akiniuliza "Na kura yangu?", mimi nimesimama mbele yake nikiwa nimeshalipwa. Yeye alilipa, mimi nikachukua risiti.

Shosh alijitoa kwa mheshimiwa mwaka ule ule. Nilikutana naye sokoni, akaniambia alikuwa amerudi kwa milango yake yote, mmoja mmoja, na daftari lile lile, akawaambia, "Nilikuja hapa kuwaomba kura, na yale niliyowaambia hayajafanyika. Naomba msamaha." Ilimchukua wiki tatu. Wengine walimfukuza. Wengine walimpikia chai. "Na wewe?" akaniuliza. Nikasema niko na mitihani.

Kuna mlango mmoja ambao hata mwaka wa 2022 sikuuweza, na uko ndani ya nyumba yetu. Braza yangu. Ana miaka 29, anaendesha boda. Nilijaribu kila kitu: takwimu, kelele, kumwita msaliti. Alikuwa ananisikiliza akifunga kofia yake ya helmeti halafu anasema, "Kura yako itashinda, yangu wacha ipumzike." Juni 2024 alikuwa tao kwa maandamano ya Mswada wa Fedha, mimi nilikuwa nyumbani nikirusha video. Alirudi tarehe 25 usiku, hakutaka kuongea siku mbili. Nilidhani sasa ndiyo basi, mambo ya kura yamekwisha kabisa kwake. Halafu IEBC ilipofungua tena uandikishaji mwishoni mwa Septemba 2025, nikasikia kwa masa kwamba braza amejiandikisha. Nani alimwambia? Mwenyekiti wao wa steji ya boda. Aliwaambia kila siku wawili wataacha kazi saa moja waende ofisi ya IEBC, na wengine watawashikia wateja. Akaweka zamu kwa karatasi. Braza akaona jina lake Alhamisi, akaenda Alhamisi.

Niliumia kidogo. Mimi mwenye wafuasi wengi na kamera nzuri nimemkosa ndugu yangu kwa miaka mitatu, na karatasi iliyobandikwa kwa nguzo ya stima ikampata kwa wiki moja. Lakini mwenyekiti anakula vumbi lile lile na braza, anashikwa na kanjo wale wale. Na saa moja ya kazi anajua bei yake.

Basi mwezi jana nikapigiwa simu. Kuna dada anataka kuwania hiyo hiyo wadi. Ni mtu mzuri, nimefanya upelelezi wangu. Anasema alisikia mimi ndiye niliyefanya upande wa steji 2022, anataka niongoze vijana. Kuna posho. Si kubwa, lakini kwa mtu aliyemaliza kampasi bila kazi, si ndogo pia.

Kabla ya kumjibu nililitafuta lile daftari. Lilikuwa chini ya godoro, limekunjika kona. Nikaanza kuzunguka, bila fulana, bila mgombea. Kati ya wale 22, niliowapata bado wanaishi hapa ni 13. Wengine kodi iliwahamisha. Nikawaambia yale Shosh aliyosema, kwa maneno yangu. Soja wa geti alisema hakumbuki kabisa nilimwahidi nini, anakumbuka chai. Dada mwenye mtoto hakunifungulia, aliongea kupitia dirisha, na aliyoyasema siwezi kuandika hapa, lakini mengi yalikuwa kweli. Yule mtoto sasa anakimbia. Fundi wa viatu akaniuliza safari hii nani ana watu wengi.

Mathe nilimwacha wa mwisho. Nilienda jioni, nikanunua ya hamsini, nikamwambia yote, hata basari. Akaendelea kukata. Nikamwambia kuhusu huyu dada. Akanyamaza vile alivyonyamaza siku ile, halafu akasema: "Mlete hapa. Jumamosi, jioni, wateja wakiwa wengi. Asije na gari. Akae kwa hiyo kreti, auze na mimi mpaka saa tatu usiku, anuse huo mtaro. Asiniambie kitu. Akimaliza, aje tena Jumamosi ingine. Halafu ndio uniulize kama nimeamua."

Nikamtumia yule dada ujumbe usiku ule ule, nikamweleza yote, kreti na mtaro na saa tatu. Alijibu haraka. Alisema wazo ni poa sana, amelipenda, halafu akauliza kama anaweza kuja na mtu wa kamera.

Sijamjibu bado.